Alichokuwa Akila Marceline

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa bado imekaa juu ya mabati, Marceline alitia chumvi kwenye chai ya mumewe badala ya sukari, na mumewe, Georges, akainywa yote. Aliuona uso wa mkewe umetulia, akamwona ameketi akimtazama anavyokunywa, kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri, na akaona afadhali koo lake liteseke kidogo kuliko kuuvunja utulivu ule. Siku za utulivu zilikuwa zimeanza kuadimika.

Walikaa Shituru, mtaa wa mji wa Likasi, katika moja ya zile nyumba za matofali walizojengewa wafanyakazi enzi ambazo reli na kiwanda vililisha mji mzima. Georges alikuwa fundi wa reli. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza chini ya matumbo ya vichwa vya treni, mikono imejaa mafuta, na hata baada ya kustaafu hakuacha tabia ya kusikiliza vitu: pampu ya jirani, baiskeli ya katekista, mlango unaolia. Aliamini kwamba hakuna kitu kinachoharibika bure. Kikilia, kuna sababu ya kulia.

Lakini mkewe alikuwa analia, na sababu hakuijua.

Ilianza kidogo kidogo. Marceline, ambaye alikuwa anajua ni nani amezaa na nani katika mtaa mzima, na ni mtoto yupi alibatizwa Pasaka ipi, alianza kukosa majina. Angesimama katikati ya neno, mkono hewani, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua chumbani. Kisha usingizi ukamkimbia. Kisha yakaja machozi: anapepeta unga, machozi yanashuka, ukimuuliza anasema hana neno. Siku moja alimshika Mama Berthe, rafiki yake wa miaka na miaka katika chama cha sala, akamwambia mbele ya watu kwamba amemwibia kifuniko cha sufuria. Berthe alirudi nyumbani. Kesho yake akaja kumsalimia kama kawaida, na Marceline hakukumbuka kitu.

Na mwili nao. Alikuwa amekonda, tumbo lake likimkimbiza chooni kila mara. Migongo ya mikono yake ilikuwa imegeuka myeusi na mikavu, ikapasuka, kama mtu aliyevaa glavu za ngozi nyingine, na glavu hizo zilikoma kwenye kifundo, hapo mikono ya blauzi inapoanzia. Shingoni, pale jua linapopiga, palikuwa na mstari mpana wa rangi hiyohiyo. Walidhani ni jua. Walibadilisha sabuni. Walipaka mafuta ya mawese. Hakukuwa na nafuu.

Watu hawakukosa maneno. Wengine walisema uzee ni uzee. Dada mmoja kutoka chumba cha maombi cha mtaa wa Kikula alipita, akaitazama ile shingo kwa muda mrefu, akamwambia Georges kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu wa ukoo amemfunga mkewe kamba ambayo macho ya kawaida hayaioni. Georges alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alijikuta anaitazama ile shingo yeye mwenyewe, na akachukia kwamba ameitazama hivyo.

Kilichomvunja ni siku ya Jumapili. Marceline alitangulia kwenda misa, hakufika. Walimtafuta parokiani, walimtafuta kwa Berthe. Mwishowe mwenye pikipiki mmoja akaja kusema kuna mama ameketi soko la Kikula kati ya wauza unga, anauliza kila anayepita njia ya kwenda kwao Kambove, kwa sababu mama yake anamngoja na maji ya kuoga. Mama yake alikuwa amekufa kabla Georges hajamwoa Marceline.

Georges alimkuta amepakata mikono, amefunga kitambaa chake vizuri kichwani. Wauza unga walikuwa wamempa kibao akalie.

"Mama Danielle," alimwita, kwa jina la binti yao wa kwanza, aliyeolewa Lubumbashi. "Tuende ku nyumba."

Marceline alimtazama kwa adabu kubwa. "Aksanti, baba. Lakini minye nangoya ba kwetu."

Alikubali kupanda pikipiki kwa sababu Georges alimwambia hao watu wa kwao anaowangoja ndio waliomtuma.

Siku iliyofuata alimpeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Docteur Bénie, mwenye miwani na sauti isiyo na haraka. Hakuanza na kichwa cha Marceline. Alianza na mikono. Aliishika, akaigeuza, akaisogeza karibu na dirisha. Akafungua kidogo ukosi wa blauzi, akautazama ule mstari wa shingoni. Akamwomba atoe ulimi. Ulimi ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi. Akauliza habari za tumbo, za usingizi, za machozi. Kisha akauliza:

"Papa, mama anakula nini?"

Swali rahisi kama hilo Georges hakulitegemea. Akajibu kwa moyo mweupe. "Tunakula bukari ya unga wa mahindi, docteur. Na samaki, hasa thomson. Majani ya sombe mu karanga. Maharagi. Nyama siku ya Mungu, kama inapatikana. Hatulale na njala."

"Sikuuliza munakula nini," alisema Docteur Bénie taratibu. "Naulizia yeye. Yeye anakula nini?"

Tangu waoane Marceline alimletea Georges chakula sebuleni, akamletea maji ya kunawa, akamtakia chakula chema, akarudi jikoni, nyuma ya nyumba, kula huko. Watoto walipokuwa wadogo walikula naye. Watoto walipoondoka aliendelea kula huko peke yake, na Georges hakuona ajabu yoyote, kwa sababu hata baba yake alikula hivyo, na baba wa baba yake. Alijua mkewe anapenda wimbo upi. Alijua anaogopa radi. Hakujua mkewe anakula nini.

"Siyue," alisema.

Daktari hakumkemea. Alimgeukia Marceline. "Maman, unakula nini?"

"Ninakula," alijibu Marceline, akatabasamu. "Kila siku ninakula. Mungu anayua."

Docteur Bénie aliandika vipimo vya damu, kisha akavuta kiti chake karibu na Georges. Akamweleza kwamba kuna ugonjwa unaoitwa pelagra. Unawapata watu wanaokula mahindi karibu matupu kwa muda mrefu. Mahindi yana vitamini fulani, lakini imefungwa ndani yake, mwili hauwezi kuifungua. Nyama, samaki, mayai, karanga, maharagi, hivyo ndivyo vinavyoleta kile ambacho mwili unakitumia kutengeneza vitamini hiyo, na kutokana na kitu hichohicho ubongo unatengeneza kemikali zake, zile zinazotuliza moyo, zinazoleta usingizi.

"Ubongo haukae bure, papa," alisema. "Kila saa uko natumika, na nguvu yake inatoka mu sahani. Kijana akikosa, mwili wake iko na akiba. Muzee, akiba yake iko kidogo. Ngozi inaharibika, tumbo linaharibika, na kichwa kinaharibika."

"Basi haiko uzee?"

"Siwezi kukuapia. Uzee pia uko na magonjwa yake ya kichwa, na yale mengine hayarudi nyuma. Lakini ile mikono inaniambia kitu. Nitamupa vidonge leo. Kama ni ile minye nafikiri, mutaona mapema. Kama haiko ile, tutatafuta ingine. Na vidonge peke yake havitoshe. Lazima akule. Uende uangalie sahani yake, papa, halafu urudi uniambie."

Mchana ule Berthe ndiye aliyepika, kwa maana Marceline alikuwa amechoka na safari. Berthe alipomaliza na kwenda kwake, Marceline mwenyewe aliinuka, akamletea mumewe sahani: bukari, thomson kwenye nyanya, matembele. Akamnawisha. Akatoka. Georges alihesabu pumzi zake kidogo, kisha akaacha chakula, akazunguka nyumba kwa nje, taratibu, kama mtu anayekwenda kuiba kwake mwenyewe.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mbabula ya makaa iliyokuwa ikizimika. Mapajani alikuwa na bonge dogo la bukari, na mbele yake bakuli la maji. Alimega bukari, akaichovya, akala. Akamega tena. Yale maji yalikuwa maji ya moto na chumvi. Sufuria ya samaki ilikuwa kando yake, imejaa, kifuniko juu yake.

"Mama Danielle. Samaki iko hapo."

Alishtuka, akavuta juu ya bukari pindo la kikwembe alichojifunga, akaificha kama mtoto anavyoficha kitu alichokatazwa.

"Ile ni yako," alisema.

"Na weye?"

"Minye bado."

Georges akaenda kumuuliza Berthe.

Berthe alikuwa anachambua mboga ya lengalenga mlangoni. Alipomwona uso, aliacha kuchambua. Georges hakumzungusha. Alimwambia daktari amesema nini, na jikoni ameona nini. Berthe alijifuta mikono kwa kikwembe, akaendelea kuifuta hata baada ya kukauka.

"Aliniapisha, Papa Georges."

"Mama Berthe, Mama Danielle iko nakufwa."

Ndipo akasema. Ilikuwa Pasaka ya mwaka uliopita. Marceline alibaki kanisani watu walipotoka, mbele ya sanamu ya Bikira, na Berthe alikuwa kando yake. "Alisema: sitakula kintu yenye utamu, hapana nyama, hapana samaki, hapana yai, hapana karanga wala maharagi wala mafuta, mupaka bwana yangu na mutoto yangu bakule mu sahani moya. Minye nilimwambia, dada, ile iko nguvu, na mwili yetu haiko ya zamani. Akasema Mungu atamubeba."

Georges aliketi kwenye kizingiti bila kukaribishwa.

Mtoto alikuwa Chadrack, kitinda mimba wao. Alisoma umeme, hakupata kazi, akafuata vijana wenzake kwenda kuchimba kwa kujificha upande wa Shinkolobwe, kwenye mgodi uliofungwa, ambako mawe yake kila mtu wa Likasi anajua si mawe ya kuchezea, kwa sababu ya urani na mionzi yake. Siku Georges alipokuta gunia la mawe yale chini ya kitanda cha mwanawe, katika nyumba anamolala mama yake, alilitupa nje, na nguo za Chadrack akazitupa juu yake. Alisema mtu anayeingiza udongo ule nyumbani mwake si mtoto wake. Chadrack aliokota nguo, akaliacha gunia, akaenda Kolwezi. Alikuwa akimpigia dada yake Lubumbashi, na kupitia dada yake mama yake alijua kwamba mwanawe ni mzima. Kwa baba hakupiga, na baba hakupiga kwake. Kuhusu yale mawe Georges alikuwa na haki, na haki hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo muda wote. Angekuwa amekosa, angekuwa ameshaomba msamaha zamani.

"Juu ya nini hakuniambia?" aliuliza.

"Angekuambia, ungemwita mutoto juu ya kuogopa nadhiri. Mama Danielle alikuwa nataka umwite juu ya kumutaka." Berthe alichukua tena lengalenga zake. "Nilikosa kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeapa."

Georges alitoa simu mfukoni palepale. Namba alikuwa nayo. Danielle alimpa zamani, akaihifadhi bila kuitumia. Iliita mpaka akadhani haitapokelewa.

"Allô?"

"Chadrack."

Ndani ya simu kulikuwa na kelele za mashine fulani, kisha kelele zikafifia, kama mtu ametoka nje.

"Baba?"

"Mama yako iko mugonjwa. Kuya ku nyumba." Alitaka kuishia hapo. Berthe alikuwa akimtazama. "Na kama hangekuwa mugonjwa, minye nilipashwa kukuita. Nakuomba, mutoto yangu. Kuya."

Chadrack alifika kesho yake alasiri kwa basi, amebeba begi moja. Alikuwa ameongezeka mabega. Baba na mwana walisalimiana mlangoni kwa mikono, wakashikana muda mrefu kuliko kawaida. Ilikuwa kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi uani ndipo Georges alipojua kwamba mwanawe aliacha kuchimba zamani, hata mvua ya kwanza baada ya kuondoka haikumkuta shimoni. Alikuwa akitengeneza mota za umeme kwenye karakana moja ya Kolwezi. Georges hakuwahi kujua, kwa sababu hakuwahi kuuliza.

Marceline alikuwa ameketi kivulini. Daktari alisema akae mbali na jua. Chadrack alipiga magoti mbele yake.

"Mama."

Marceline alimtazama usoni, akatazama viatu vyake vyenye vumbi, akamrudia usoni. "Karibu, papa. Unatoka mbali. Unatafuta nani?"

"Mama, ni minye. Chadrack."

"Chadrack haiko," alisema kwa upole. "Alienda Kolwezi. Atarudia. Kama uko na mambo naye, ukae, umungoye." Kisha akamwinamia Georges, akamnong'oneza, ila wote walisikia: "Ile kijana iko na roho muzuri. Bamupe chakula."

Walimpa. Georges aliamua hapohapo: sahani moja, kubwa, ya bukari na maharagi na samaki, juu ya meza ndogo, mbele ya Marceline. Baba na mwana wakanawa, wakala pamoja, kila mmoja upande wake, mikono ikikutana katikati. Marceline aliwatazama kwa furaha kama mwenye nyumba anayeona wageni wake wanashiba.

"Sasa weye, mama," Chadrack alisema, akamsogezea kipande cha samaki. "Tumekula mu sahani moya. Imekwisha."

"Hapana. Nangoya mutoto yangu."

"Ni minye, mama."

"Weye uko mutoto ya mama yako," alisema Marceline. "Na yeye pia anakungoya. Umwendee."

Georges aliinuka, akaenda kwenye bomba la maji, akafungua maji, akanawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Alielewa jambo ambalo fundi hapendi kulielewa. Kile mkewe alichokuwa akikiomba kwa Mungu kilikuwa kimeketi mbele yake, na njaa ileile aliyojitia ili kukiomba ndiyo iliyomfunga macho asikione.

Vidonge, angalau, alivimeza. Georges aliogopa atavikataa, akamuuliza pembeni kama nadhiri yake haivikatazi. Marceline alishangaa kuulizwa. "Dawa haiko chakula," alisema. Basi asubuhi, mchana na jioni, Chadrack alimpelekea kidonge na maji, na yeye akakimeza, akamshukuru kama anavyoshukuriwa mgeni mwema.

Siku ya pili ya kukaa kwake, Chadrack alimvuta baba yake pembeni.

"Baba, tutwange karanga, tuchanganye mu unga. Hatayua. Docteur alisema lazima akule."

Georges alifikiri. Alifikiri sana, hata akaenda sokoni Kikula, akanunua karanga, akaja nazo nyumbani, akaziweka mezani. Mkono wake ulifika kwenye kinu. Kisha akaona uso wa mkewe jinsi utakavyokuwa siku akili yake itakaporudi, kama itarudi, akaambiwa kwamba neno alilompa Bikira walimvunjia wao kwa mlango wa nyuma.

"Hapana," alisema. "Ile neno ni yake. Hatutamwibia."

"Na kama anakufwa na neno yake?"

"Tutangoya kidogo. Kama vidonge havifanye kitu, minye mwenyewe nitamupeleka kwa Père wa parokia, amufungue. Lakini iko na haki ya kufungua mwenyewe."

Chadrack hakukubaliana naye. Walirushiana maneno uani, sauti zikapanda, jirani akachungulia. Lakini safari hii hakuna aliyechukua begi. Chadrack alikwenda kutengeneza waya wa taa uliokatika sebuleni, na Georges akaenda kumshikia ngazi.

Tumbo ndilo lililotulia kwanza. Kisha usingizi ukarudi: Marceline alilala mchana mzima, akaamka kula bonge lake la bukari na chumvi, akalala tena. Georges alikaa karibu yake akimsikiliza anavyopumua, kama alivyokuwa akisikiliza mashine iliyowashwa upya baada ya matengenezo, asijue bado itashika au itazima. Machozi yale ya bure yakapungua. Ulimi ukaacha kumchoma. Lakini Chadrack aliendelea kuitwa papa, na kukaribishwa kila asubuhi.

Jumamosi moja Georges aliamua kupika maharagi mwenyewe, kwa sababu Berthe alikuwa na mazishi. Aliyamwaga kwenye sufuria, akatia maji, akapuliza makaa. Marceline alikuwa ameketi nyuma yake, amejifunika shali. Chadrack alikuwa bombani, shati begani, ananawa uso.

"Baba Danielle," alisema Marceline, "ile maharagi utaiunguza. Maji ni kidogo. Nani alikufundisha kupika hivi?"

"Hakuna," alisema Georges, bila kugeuka, kwa kuogopa kugeuka.

"Inaonekana." Kisha akasema, sauti imebadilika: "Na weye? Ulifika wakati gani?"

Chadrack aliinua uso, maji yanamtiririka.

"Nakuuliza weye, Chadrack. Ulifika wakati gani, na juu ya nini hakuna mwenye kuniamsha?"

Georges alitegemea, kama siku hiyo ingefika, kwamba itafika na kelele. Badala yake mkewe alikuwa amekasirika, kweli kabisa, kama mama yeyote aliyeachwa usingizini wakati mtoto wake anaingia. Chadrack alikuja na maji yake usoni, akapiga magoti, na mara hii Marceline akamshika masikio yote mawili, akamvuta, akaweka paji la uso wake juu ya lake. Walikaa hivyo. Maharagi yakaanza kunuka moshi.

"Umekonda," alimwambia mwanawe, ambaye alikuwa na mabega ya mchukuzi.

Kisha akawatazama wote wawili, mmoja, halafu mwingine. Georges akaona jinsi alivyokuwa akiogopa kuuliza.

"Mulikula?"

"Tulikula," alisema Georges. "Mu sahani moya. Ulikuwa hapa."

"Minye sikuona."

"Ulikuwa natuangalia, mama," alisema Chadrack.

"Nasema sikuona. Mukule tena, nione."

Chakula kilichokuwepo ni bukari ya jana, mayai ambayo Berthe alileta, na maharagi yaliyoungua chini. Georges aliyakoroga mayai kwenye kikaango, akaweka vyote kwenye sahani moja. Hawakukaa sebuleni; waliketi palepale jikoni, kwenye vigoda. Georges alimega, Chadrack akamega. Marceline aliwaangalia midomoni kama mtu anayefuata mchezo. Walipomeza, alifanya ishara ya msalaba, akasema maneno ambayo hayakusikika. Halafu akanyoosha mkono wake mweusi uliopasuka, akachukua kipande cha yai. Alikishika kwanza, akakinusa. Akakitia kinywani, akafumba macho, akatafuna polepole sana.

"Chumvi ni mingi," alisema.

Akachukua kingine.

Docteur Bénie alifurahi alipoona, lakini hakufurahi kupita kiasi. Alisema majibu ya damu yameonyesha hakuna kingine kibaya. Alisema kichwa cha mtu mzima kikikaa muda mrefu bila chakula chake, kinaporudi huenda kikaacha vitu njiani. Ilikuwa kweli. Yapo majina ambayo Marceline hakuyapata tena, na mwaka mzima uliopita ulikuwa kwake kama chumba kisicho na taa. Alijua alikuwemo, hakujua kilichomo. Mikono yake ilibambuka, ngozi mpya ikatokea chini, nyororo na hafifu, akawa anaificha misani kwa aibu. Kwa Berthe alikwenda mwenyewe, alipoambiwa habari za kifuniko cha sufuria, na waliokuwa karibu wanasema walicheka mpaka wakaketi chini.

Siku moja, wakimenya viazi vitamu pamoja, Georges alimwambia Marceline:

"Ulipashwa kuniambia."

"Ningekuambia, ungefanya juu yangu."

"Na kama ungekufwa?"

Marceline aliendelea kumenya. "Niliwaza nitakonda, ile tu. Nilikuwa nimekubali kukonda. Sikuyua kama chakula inafika kule juu ku kichwa. Niliwaza inaishia ku tumbo." Akachukua kiazi kingine. "Ningeyua, ningemupa Mungu kintu ingine."

"Kama nini?"

"Bière yako ya chupa," alisema, na Georges akacheka, lakini akaona hakuwa anatania kabisa.

Tangu hapo Georges hakula tena sebuleni. Mwanzoni alisema ni kwa sababu ya maagizo ya daktari, ili aone sahani ya mkewe. Baadaye hakutaja daktari. Jikoni kulikuwa na joto, na kulikuwa na mazungumzo, na alishangaa ni mambo mangapi ya mtaa yalikuwa yakisemwa kando ya mbabula ile miaka yote aliyokuwa akila peke yake mbele ya ukuta.

Chadrack alirudi Kolwezi kazini mwezi ulipokwisha. Georges alimsindikiza hadi kwenye mabasi, akimbebea begi ingawa mwanawe alikataa. Walizungumza habari za mota, za shaba inayotumika kusukia mota, ambayo ya siku hizi Chadrack alisema si nzuri. Basi lilipowashwa, dereva akikanyaga mafuta kwa pupa, wote wawili waligeuza kichwa kwa pamoja kuisikiliza injini.

"Ile pampu ya mafuta," alisema Chadrack.

"Itafika," alisema Georges. "Ukifika, upige. Unipigie minye."

Alirudi kwa miguu. Alimkuta Marceline amelala kwenye mkeka uani, upande wa kivuli, kinywa kimefunguka kidogo, ungo wa karanga ambazo hajamaliza kubangua uko kando yake. Hakumwamsha. Aliketi, akauvuta ungo, akaanza kubangua.